Sekunde Kumi

Tumboni ina stika: Mali ya kampuni. Irudishwe.
Irudishwe kwa nani?
Ofisi yao hapa Arua siku hizi inauza magodoro,
na namba yao ya msaada inalia, inalia,
kama mbuzi aliyesahauliwa kambani mvua ikinyesha.
Nimeilipia ada miaka mitatu na miezi miwili.
Kama hiyo haijatosha bei ya kisanduku cha plastiki
basi sijui hesabu,
nami nimeifundisha Mvara miaka ishirini na saba.

Vijana wa kampuni mpya walikuja Jumanne,
wakapigilia sahani yao juu ya bati,
wakateremsha waya mweusi dirishani.
"Ruta ni laki moja na themanini, mama."
Nikasema ninayo.
Wakaitazama namna watu wanavyotazama
viatu vya marehemu miguuni pa mtu mwingine.
"Hii imefungwa. Inamjua bwana mmoja tu."

Nikamwita Acidri, anayetengeneza simu karibu na soko,
Acidri niliyempa sifuri katika sehemu, darasa la tano.
Akachomeka waya kwenye tundu la bluu. Kimya.
"Mlango wa mbele wameufunga kweli, Mwalimu.
Lakini nyumba gani ina mlango mmoja?"
Akauhamishia tundu la njano.
"Tutapitia jikoni.
Kazi ya kugawa namba tuiachie sahani ya juu,
huyu mzee abaki kusambaza tu.
Neno la siri la kumwingilia?"

Hapo ndipo.
Andama aliandika kila kitu:
bei ya saruji, siku ng'ombe alipopandwa,
nani alikuja na nani hakuja matangani kwa baba yake.
Kila kitu, isipokuwa kilichokuja kuhitajika
tangu tumzike.

"Basi tumsahaulishe," alisema kijana.
Nyuma kuna kitundu, jicho la sisimizi.
Akaomba pini. Nikaichomoa kwenye kitambaa cha kichwa.
"Hesabu hadi kumi, Mwalimu."
Nikahesabu, sauti ya darasani,
moja, mbili,
na kwenye saba nikakumbuka jina
lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda mbele,
nane, tisa.

Taa zote zikazima.
Ikarudi moja, ya kijani, geni,
na jina la mtandao sasa ni herufi na tarakimu
kama pleti ya lori.

LIPA DENI KWANZA. Hilo ndilo lilikuwa jina lake.
Alilipandisha hewani wiki ile Onzima, jirani,
alipokula magunia yetu mawili ya muhogo
akaanza kupita njia ya nyuma.
Mtaa mzima ulilisoma simuni, mtaa mzima ulicheka,
nami nikaona haya mwezi mzima.

"Tumpe jina gani?"
Nikamtajia lilelile. Na neno la siri lilelile,
jina la fahali wetu wa kwanza na mwaka tuliomuuza.
"Usibadilishe hata herufi."

Simu yangu ikatetemeka mezani, haijaguswa.
Chumbani kwa Ezaru kitu kikalia, kikalia tena,
ujumbe wa siku tisa ukishuka kama mahindi guniani.
Vitu havijui msiba.
Vimesikia jina, vimeitika.

Acidri akakuna shingo.
"Mwalimu, humu ndani mko wangapi?"
Wawili. Na runinga.
"Wameingia watano."
Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe:
Candia Onzima. Na chini yake, kwa herufi kubwa,
BABA CANDIA.

Mchana anamwanika hewani,
usiku anampa ufunguo juu ya ua.
Na mimi, nimelala ubavuni pake,
sikuambiwa.

"Niwafungie?" Kidole kilisubiri.
Ng'ambo, Onzima alikuwa anapasua kuni,
hajalipa hata debe moja,
simu ikimwimbia mfukoni.
Nikamwambia Acidri anirudishie kwanza pini yangu,
kitambaa kinanivuka.